Sampuli ya Daraja la Kwanza

Kwenye karatasi za ofisi mgodi ule ulikuwa "umelala". Ndivyo walivyouita: mgodi uliolala. Haukufungwa, maana kufunga mgodi kuna masharti yake, kufukia shimo, kupanda miti, kuyaelekeza maji mahali pasipodhuru. Wala haukuwa unafanya kazi, maana mwenyewe alikwishaondoa mitambo yake na kwenda zake. Umelala tu, kama mzee aliyeshiba futari. Kila nilipolisoma neno hilo damu ilinipanda, kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa kwenda kuuangalia huo usingizi, na nilijua kitu kile hakijalala. Au kama kimelala, basi kilikuwa kinakojoa kitandani, na godoro lilikuwa kijiji cha mama yangu mkubwa.

Nina hasira za karibu, sifichi. Mume wangu husema nikikasirika hata sufuria jikoni hujua. Lakini hasira za kazi hii hazikuwa za karibu. Hizi zilikuja polepole, mwezi kwa mwezi, na mpaka leo hazijaondoka.

Ukitoka Masasi kwenda Newala, kabla barabara haijaanza kupanda kuutafuta uwanda wa juu, kuna njia ya vumbi inayoingia bondeni, chini ya ukingo. Huko ndiko walikokuja watu kuchimba makaa ya mawe. Walichimba shimo kubwa moja, wakarundika kifusi cheusi pembeni, kisha wakagundua kwamba makaa yale ni haba na wanunuzi wako mbali. Wakaondoka. Shimo likajaa maji. Maji ya shimoni yakapenya kwenye mawe yakatokea mtaroni, mtaro ukaingia kwenye kijito, na chini kidogo ya hapo ndipo wanakijiji wanapoteka. Mawe ya mtaroni yalikuwa na rangi ya bati lililoliwa na kutu. Ukikaa pale asubuhi nzima huoni chura wala kaa.

Mtu aliyezaliwa penye mito hawezi kuelewa kijito ni nini kwetu. Mimi nimezaliwa juu, upande wa Mkunya, ambako udongo ni mzuri, mikorosho inazaa, muhogo unakubali, ila maji hayapo. Tulikunywa ya mvua tuliyokinga kwenye mapipa, na yakiisha tulishuka bondeni na ndoo na kupanda nazo ule mlima. Maji ya kuoshea muhogo tulinyweshea kuku. Ya kunawia uso yalimwagiwa mche wa mpapai. Bibi yangu alikuwa akiona mtu anasuuza kikombe na kumwaga, anauliza kama mtu huyo ana wazimu. Labda ndiyo maana nilipomaliza shule nikaenda kusomea maji.

Kazi yangu pale mgodini ilikuwa ya namna mbili. Ya kwanza ni kupima wingi. Tulikuwa tumetia kibao cha chuma katikati ya mtaro, chenye mkato wa pembe tatu, maji yote yapite kwenye ule mkato. Unasimamisha rula, unasoma kimo, unajua maji mangapi yanatoka shimoni. Ya pili ni kupima ubora. Nilikuwa na mashine ndogo, unene wa kalamu mbili, ya kupimia uchachu wa maji. Unaichovya, unasubiri, inakuonyesha namba. Saba ni maji ya kawaida. Ikishuka chini ya hapo, maji yanaanza kuwa machachu kama ndimu, yanatafuna chuma, yanatafuna na mengine. Pale mtaroni wakati wa kiangazi ilishuka karibu na nne. Pale wanapoteka ilikuwa afadhali kidogo, lakini afadhali ya mgonjwa.

Na huhitaji mashine. Mama mkubwa alikuwa akinipikia chai ikatoka nyeusi kama wino. Alilaumu majani ya dukani. Kanzu nyeupe za watoto zikifuliwa kwa Idi zilitoka na rangi ya kutu. Sufuria zilitoboka. Sabuni haikutoa povu. Wakati wa kiangazi maji yale yalikuwa maangavu mno, unaona kila jiwe chini, na wageni walikuwa wakiyasifu.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu, wa kwanza kuzaliwa. Aliolewa huko bondeni na akafiwa na mume huko huko, akabaki na shamba lake la mikorosho. Ndiye aliyenilea nilipokuwa nasoma Masasi, kwa hiyo kila senti ya elimu yangu ilitoka kwenye korosho zake. Na korosho zake zilikuwa na sifa. Pale ghala la chama cha msingi, korosho zinakouzwa, walimjua. Watu wengine walikuwa wakipeleka gunia lenye korosho mbichi katikati, wengine kokoto chini kuongeza uzito, Mungu awasamehe. Yeye alikuwa anaanika mpaka korosho ikitikiswa inalia ndani, anachambua moja moja, iliyopooza pembeni, yenye doa pembeni. Karani akichomeka mkono kuchukua sampuli, mama mkubwa alikuwa anasimama kando amekunja mikono, kama mama wa bibi harusi. Daraja la kwanza, kila msimu. Hakuwahi kurudishiwa gunia.

Sasa kulikuwa na habari ya bomba. Mradi wa maji wa kule juu ulikuwa unataka kushusha bomba kwenye vijiji vya bondeni, lakini bomba lenyewe lilitosha kijiji kimoja kwa mwaka ule. Ofisi iliamua kwamba kijiji ambacho maji yake yatapimwa na kuonekana mabaya ndicho kitakachopewa. Vipimo vya msimu wa mvua ndivyo vingeamua, kwa sababu wakati wa mvua ndipo shimo linapofurika. Nilifurahi. Nilijua hakuna kijiji chenye maji mabaya kuliko kile. Nilimwambia mama mkubwa akae tayari kujenga sehemu ya kuwekea ndoo chini ya bomba.

Mvua zilipoanza nikahamishiwa Lupaso kwa muda, kisima cha huko kilikuwa kimekufa pampu. Njia ya kwenda mgodini ilianza kujaa matope, na muda si mrefu gari lisingepita. Mkuu wangu wa kazi akaamua chupa za kuchotea ziachwe kijijini, achote mtu wa pale pale, mwenye pikipiki apitie kuzichukua. Akauliza nani anaaminika. Kila mtu akamtaja mama mkubwa. Alikwenda mwenyewe kumkabidhi, kabla njia haijakatika kabisa. Baadaye alinisimulia kwa kujisifu jinsi alivyomweleza kwa lugha nyepesi. Alimwambia, "Mama, tunaomba uwe unatuchotea sampuli. Tunataka sampuli nzuri, mama. Majibu yote ya kijiji yanategemea hiyo sampuli."

Naomba msomaji alirudie neno lile. Nzuri. Yeye alikuwa na maana ya iliyochukuliwa sawasawa. Mtu mzima, ana shahada, amezaliwa na kukulia mkoa huu huu, baba yake mwenyewe ana mikorosho. Akamwambia mkulima wa korosho kwamba anataka sampuli nzuri, kisha akapanda gari akaenda zake.

Majibu yalitoka mvua zilipokwisha. Nilikuwa nimesharudi Masasi. Mkuu aliniita akanisogezea karatasi huku anatabasamu. "Umeona? Mambo si mabaya kama ulivyokuwa unatutisha."

Nilisoma. Uchachu ulikuwa saba, saba na kidogo. Wiki zote. Maji maangavu, hayana tope hata chembe, katikati ya masika, wakati mto wowote wa mkoa huu unakuwa rangi ya uji wa ulezi.

"Haya si maji ya pale," nilisema.

"Ni ya pale. Amechota mama yako."

"Basi kuna kitu. Maji ya mvua yasiyo na tope yanatoka wapi?"

"Labda mgodi umetulia," alisema. "Umelala."

Niliomba pikipiki nikashuka bondeni siku ileile. Njiani kote nilikuwa nimemkasirikia kila mtu: mwenye pikipiki aliyezichukua chupa, nikidhani alizijaza kwenye bomba la mjini, watu wa maabara, nikidhani walibadilisha chupa. Mama mkubwa sikumfikiria.

Nilimkuta amekaa mkekani anamenya ming'oko, vile viazi vya porini.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekuja mbio hivyo, kuna msiba?"

Nilikaa. Nikamwuliza yale maji alikuwa anayachota vipi. Akanitazama kwa furaha, kama aliyekuwa anangoja aulizwe. Aliweka kisu chini.

"Wee mwanangu, usiniulize. Nilihangaika. Wakati ule maji yalikuwa machafu mno, yamejaa tope na ile kutu. Sasa mie nitapeleka sampuli ya namna ile? Nayateka, nayaacha mtungini yatulie. Nafunga majivu ya mkorosho kwenye kitambaa, natumbukiza humo, yanazama na tope lote. Halafu nayachuja kwa kanga mpya, ile uliyoniletea. Ndo najaza chupa. Na chupa zenyewe nilizisugua kwa majivu, zilikuwa zinanuka dawa." Akashusha sauti. "Tumepata daraja la ngapi?"

Majivu yanaua uchachu. Kila mwanamke aliyewahi kutia magadi ya majivu kwenye mboga anajua yanavyobadilisha ladha. Alikuwa ameyatibu maji. Kwa miezi yote ya mvua mama yangu mkubwa alikuwa ameyatibu maji ya mgodi kwa mikono yake, chupa kwa chupa, na kuyapeleka ofisini yakiwa yamepona.

"Mama mkubwa," nilisema, "walikuwa wanataka yalivyo."

"Yalivyo vipi?"

"Na tope lake. Na kutu yake."

Akacheka. Aliona namtania. "Sasa nani anapeleka sampuli na uchafu wake? Korosho zenye doa unaziweka juu ya gunia ili karani azione?"

"Hii si korosho. Huku ukipata daraja la kwanza hupewi kitu. Wanaopewa bomba ni wale waliokataliwa."

Aliacha kucheka. Alinitazama muda mrefu, akijaribu kuona kama kweli nimesoma au niliwadanganya watu wa shule. "Hakuna biashara ya namna hiyo," alisema. "Mwenye mali nzuri ndiye anayefuatwa na lori. Wenye mali mbovu nani anawafuata? Mie nilisema kijiji kikionekana kisafi, watasema hawa watu wa maana, tuwaletee bomba."

Nilitaka kumkasirikia. Nakiri nilitafuta hasira ya kumpa nikaikosa. Kila alichosema kilikuwa kweli kwa kila kitu kingine alichowahi kupeleka mbele ya serikali maishani mwake. Korosho zilikuwa hivyo. Watoto wakipelekwa shule walikuwa hivyo, wanaogeshwa na kupakwa mafuta. Kiongozi akija kijijini barabara inafagiwa. Maisha yake yote ameambiwa aonyeshe kilicho bora, na siku moja tu akatakiwa kuonyesha kilicho kibaya, na hakuna aliyemwambia. Hasira yangu yote ikageuka, ikarudi Masasi.

Kesho yake niliingia kwa mkuu bila kubisha hodi. Nikamweleza: majivu, mtungi, kanga. Nikamwambia majibu yale yafutwe, yatupwe.

Alinisikiliza, na nikaona mdomo wake unacheza. Alikuwa anazuia kucheka. "Majivu," alisema.

"Ulimwambia unataka sampuli nzuri. Kwa mkulima wa korosho."

"Kila mtu anajua maana ya sampuli."

"Ndiyo. Na yeye anajua kuliko wewe."

Hapo tabasamu likakauka. Akasema majibu yalikwishapelekwa ngazi ya juu. Akasema mwenye mgodi naye amepata nakala, na ameshukuru. Nilimwambia aandike barua nyingine. "Niandike nini?" aliuliza. "Niandike kwamba bibi mmoja alitia majivu? Mimi nitaonekana mtu gani?"

"Uandike hivyo hivyo."

"Nitachekwa."

Hiyo ndiyo sababu aliyonipa, na sikuongezea chumvi. Kijiji kizima kinywe kutu ili mtu mmoja asichekwe kwenye mkutano wa robo mwaka. Nimewahi kuona ubaya mkubwa zaidi ya huo, lakini sijawahi kuona mdogo uliofanya kazi kubwa kiasi hicho.

Nilibishana mpaka akachoka. Mwishoni akakubali kitu kimoja: chupa mpya zichotwe, mchotaji awe yule yule, ili isionekane tumebadilisha utaratibu. Mwanzoni mwa msimu wa korosho nikarudi bondeni na chupa.

Mama mkubwa alikataa. Nilimwomba, nikambembeleza, akakataa. "Mkono wangu haujawahi kupeleka uchafu mbele ya watu. Chota mwenyewe." Nikamwambia lazima awe yeye. Nikamwambia habari za bomba tena, polepole, kama anavyosimuliwa mtu taarifa ya kifo. Mwishowe akasimama, akajifunga kanga, tukashuka kijitoni. Nilimwangalia anachota. Aliizamisha chupa huku ametazama pembeni, kwenye majani. Ilipojaa, na chembe zile za kutu zikielea ndani, aliifunika kwa kanga na kuibana kwapani. Njiani tulikutana na wanawake wawili wanakwenda kuteka. Waliuliza amebeba nini. Akasema, "Dawa." Nilitembea nyuma yake.

Majibu yalirudi. Uchachu nne na kitu. Chuma kimejaa. Nikasema basi, imekwisha, ukweli umefika.

Mkuu aliniita tena. Safari hii hakutabasamu. "Msimu wa mabibo umeanza huko, sivyo?" aliuliza.

Sikuelewa matunda ya mkorosho yanahusianaje na maji. Akaendelea, "Mabibo ni machachu. Mtu akikamulia bibo moja kwenye chupa, tunapata namba kama hii. Vipimo vya masika vyote ni saba, ghafla nne. Tena baada ya kusikia habari za bomba. Mimi ningekuwa wewe nisingeendelea na jambo hili, maana mchotaji ni ndugu yako."

Nilimwuliza kama bibo linatia chuma kwenye maji. Akasema hilo ni suala la kitaalamu. Nilimwambia mimi ni mtaalamu wake. Akasema ndiyo maana ananishauri kwa wema. Nilitoka nikasimama uani, na nilijua nikirudi mle ndani nitapoteza kazi. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri kutorudi.

Kumbe alikuwa amekwishampigia mwenyekiti wa kijiji, kumwonya kwamba kuna mwananchi anachezea vipimo vya serikali. Kijiji ni kijiji. Kabla ya magharibi neno lilikuwa limefika kila uani. Nilipokwenda nilimkuta mama mkubwa halali vizuri na chakula hakimpiti. Mtu fulani pale chama cha msingi alikuwa amemwita mtia kokoto. Mwanamke yule, ambaye hakuwahi kutia hata jani kwenye gunia lake.

"Nilipoyapamba walinishukuru," aliniambia. "Nilipoyapeleka uchi wakaniita mwizi."

Nikamwambia tuache. Nikamwambia nitatafuta njia nyingine. Hapo ndipo aliponishangaza. Akasema, "Hapana. Ghalani sampuli haichukuliwi mafichoni. Karani anachomeka mkono mwenyewe, mwenye gunia amesimama, watu wanaona. Mwambie huyo mkuu wako aje achomeke mkono mwenyewe."

Ajabu ni kwamba alikuja. Mwenyekiti naye alikuwa ameshachoka kusikia kina mama wakinung'unika, akaandika kuomba wataalamu wafike, na mkuu akaona ni nafasi ya kumaliza maneno. Alikuja siku moja asubuhi kabla ya mvua za kwanza, gari limeoshwa, miguuni mabuti mapya ya mpira. Watu walikuwa wamejaa kijitoni. Mama mkubwa alikuja na ndoo yake, kama kila mtu, maana ndiyo saa ya kuteka. Alisimama kando, amekunja mikono, vile vile anavyosimama ghalani.

Maji siku ile yalikuwa maangavu. Kiangazi kilikuwa kimekaza, na karibu yote yaliyokuwa yanatiririka yalikuwa ya shimoni. Nilikuwa nimepita kwenye mtaro na kusoma kimo. Mkuu aliinama akachota kwa chupa, akainyanyua kwenye jua ionekane. "Jamani, mnaona wenyewe," alisema. "Maji kama haya wenzenu wa juu wanayatafuta."

Kisha akachovya mashine. Nilikuwa karibu, niliiona namba: nne na kitu. Akaitoa, akaifuta kwa leso, akachovya tena. Akaitikisa. Akaomba ya kwangu, nikampa. Yangu ikasema lile lile. Alibaki amechuchumaa na mashine mbili mikononi, mabuti yameanza kuingia maji, watu wote wanamtazama.

Alipoinuka alikuwa mtu mwingine, mpole. Alisema ameona. Alisema hali hii itaandikwa. Alisema jambo la mgodi ni kubwa, lina ngazi zake, na kwamba mwenye mgodi atakumbushwa wajibu wake.

"Na bomba?" mwenyekiti aliuliza.

Mkuu akanitazama, kama nimsaidie. Sikumsaidia. Ilibidi aseme mwenyewe kwamba mgao wa mwaka ule ulikwishapangwa kwa kufuata vipimo vya masika, na bomba lilikuwa limeshaanza kuchimbiwa mtaro kwenda kijiji cha pili. Labda awamu ijayo. Hakujua ijayo ni lini.

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa niandike kwamba walimfukuza, kwamba mtu alimrushia tope. Hawakufanya hivyo. Walimwacha aende garini, wakampisha njia, na mmoja akamshikia mlango.

Mama mkubwa alinisogelea. Alikuwa hajaelewa mambo ya mgao na awamu, au alielewa na hakutaka kuyasikia mpaka ajue lile lililomleta.

"Yamepata daraja la ngapi?" aliuliza.

"Yamekataliwa, mama mkubwa."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Amechota mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Nilimwona anashusha pumzi, na mabega yake yakarudi mahali pake, kwa mara ya kwanza tangu aitwe mwizi. Nilidhani sasa atauliza la bomba, na nilikuwa natafuta maneno. Hakuuliza. Aliinama, akasukuma chembe za kutu kwa kiganja, akazamisha ndoo yake ikajaa.

"Mama mkubwa, maji hayo yamekataliwa," nilimwambia, kana kwamba hakusikia.

"Nimesikia," alisema. Alikuwa anazungusha kata ya kanga kuiweka kichwani. "Gunia likikataliwa unarudi nalo nyumbani. Unadhani utaliacha wapi?"

Nikamsaidia kujitwisha ndoo, akatangulia.